Padi ya Mama Mkwe

Ijumaa hiyo mke wangu alinipigia simu nikiwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, akaniambia neno moja tu: "Imekufa." Nilisimama kabla hata ya kuuliza ni nini. Nyumbani kwetu Migori wakati huo palikuwa na mgonjwa, na mtu akitamka neno hilo unaanza kuhesabu watu. Kumbe ni padi ya laptopu, ile sehemu bapa iliyo chini ya herufi ambapo mtu hutelezesha kidole ili mshale utembee kwenye kioo. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa meza ya pili aliniona nikishusha pumzi, akacheka. "Padi tu? Si ununue maus, mwalimu?"

Nilikusanya madaftari. Ningemweleza nianzie wapi?

Laptopu ile ilikuwa ya mama mkwe. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwao upande wa Asumbi, akastaafu, akafiwa na mume, akabaki na boma lake na kuku wake. Kisha kiharusi kikamwangusha jikoni. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa mzito, na maneno yakakatika kabisa, ingawa akili ilibaki yote. Mke wangu alimleta Migori ili awe karibu na mtu wa mazoezi ya viungo. Tulisema ni wiki tatu. Ikawa miezi mitano.

Shida ni kwamba mama mkwe halali kwa mkwe wake. Mimi ni Mkuria wa Ntimaru na mke wangu ni Mjaluo. Nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu kila mmoja ana lugha yake na hakuna aliye tayari kushindwa. Lakini kwa jambo hili kwao na kwetu ni kitu kimoja: mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake, hakai kwenye kitanda chake, na hamgusi. Kwa hiyo tulikodi chumba cha pili kwenye ploti ile ile, mlango unaofuata wetu, ili ihesabike kwamba amelala kwake. Ukuta wa katikati haukufika kwenye bati, na mtu akikohoa huku, wa kule anaitikia pole. Hata hivyo, kwa miezi hiyo mitano sikuwahi kuvuka pazia la mlango wake. Nilisimama nje, nikamsalimia, nikaenda zangu.

Sauti yake ya pili nilimtengenezea mimi, na nasema hivi kwa kujivuna kwa sababu baadaye kiburi hicho kilinitokea puani. Nilikuwa na laptopu kuukuu ambayo mifumo ya kununuliwa ilikwisha kuikataa. Nikaiwekea mfumo huria, ule usio na mwenyewe, unaotengenezwa na watu waliotawanyika duniani ambao hawajuani, na kila mtu ana ruhusa ya kuufungua na kuuchokora. Nikaweka kibodi ya kuonekana kwenye kioo, herufi kubwa kubwa, mshale wa kwenda polepole. Mama akisimamisha mshale juu ya herufi kidogo, herufi inajiandika. Akimaliza, kompyuta inasoma maneno kwa sauti. Ilijua kusoma Kiswahili tu. Dholuo, lugha ya mama, ikitoka humo ilikuwa kama mtu anasukutua, kwa hiyo aliandika Kiswahili. Fundi seremala alitutengenezea kimeza cha kupita juu ya kitanda, laptopu ikafungwa hapo kwa mikanda.

Na ilikuwa lazima iwe padi. Mkono wake wa kushoto ukilazwa pale, kidole kiliweza kuteleza. Maus, kile kipanya cha kushikwa mkononi, ilimponyoka. Simu haikufaa kwa kuwa kidole kilitetemeka na kugusa herufi tatu mara moja. Kibodi yenyewe tuliijaribu siku ya kwanza: kuinua mkono hadi juu kulimchosha hata akatoka jasho, na baada ya herufi nne mkono ukaanguka. Hata kutikisa kichwa hakukusaidia, maana kilikuwa kikitikisika chenyewe, na ndiyo yake ilifanana na hapana. Bila padi, mama hakuwa na neno.

Na Jumapili, baada ya misa, mashemeji zake walikuwa wanakuja kutoka Homa Bay pamoja na kijana wake wa kiume. Walikuwa wanakuja kuamua jambo moja: mama abaki Migori, au arudishwe kwake. Baba mdogo wa mke wangu, ndugu wa marehemu baba mkwe na msemaji wa kikao, alikuwa amenipigia simu mwenyewe. "Orwa," akaniita, yaani mkwe wetu, "hatutaki kubishana. Mnasema anaongea na kompyuta. Tutakuja tumsikie mwenyewe."

Sasa hapo ndipo nilipoanza kujishuku. Kwa sababu Alhamisi jioni, bila kuombwa na mtu, nilikuwa nimeusasisha mfumo. Mimi ni mtu asiyeweza kuacha kitu kinachofanya kazi kiendelee kufanya kazi. Mke wangu aliingiza amri kama nilivyomtajia, mistari ikapita, nikaenda kula nimeridhika. Na sasa padi imekufa siku mbili kabla ya kikao. Mke wangu alitaka mama yake abaki, kila mtu alijua. Mimi pia nilitaka abaki, nani atampikia uji huko peke yake? Sasa nani angeamini kwamba ni bahati mbaya? Niliwasikia tayari: Mkuria amemnyamazisha.

Niliaga shuleni nikafika nyumbani na shati limeshika mgongo. Nikavuta kiti nje ya pazia, nikawa naita amri, mke wangu ndani akiandika.

"Andika eksi, input, vyote pamoja. Acha nafasi. List."

"Imeleta mistari."

"Nisomee."

Akasoma. Ilikuwa orodha ya vifaa ambavyo mfumo uliviona: kibodi ipo. Kamera ipo. Hata kitufe cha kuwasha kimetajwa kwa heshima zake zote. Padi haipo. Si kwamba ilikuwa imezimwa, wala haikuandikwa kuwa mbovu. Mfumo haukuwa na habari kwamba kompyuta hiyo iliwahi kuwa na padi.

"Soma tena."

"Mwalimu, nimesoma. Haipo."

"Basi nitolee laptopu nje niione mwenyewe."

Nikasikia mikanda ikifunguliwa, kisha mke wangu akimbembeleza mama yake kwa Dholuo. Akachungulia kwenye pazia. "Ameweka kiganja juu yake. Hataki itoke."

"Mwambie ni dakika tano."

"Nimemwambia. Amebana. Labda anaogopa isiporudi atabaki hivi hivi." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Nikasema basi, tuache, tutafanya hivi hivi.

Tukafanya hivi hivi. Nilimwambia aitoe draiva, yaani kile kipande cha programu kinachozungumza na padi, kisha airudishe. Mfumo haukulalamika na padi haikurudi. Tukaizima laptopu tukaiwasha. Tukaiwasha kwa toleo la zamani la kiini cha mfumo, lile la kabla ya masasisho yangu, nikiwa na hakika kwamba hapo ndipo penyewe. Haikurudi. Tukaingia kwenye ule ukurasa wa bluu wa mipangilio unaotangulia mfumo wenyewe, mke wangu akinisomea kila mstari kana kwamba ni barua kutoka mahakamani. Padi imeruhusiwa, ukurasa ulisema.

Niliingia mtandaoni kwa simu. Watu wa mfumo huria ni wakarimu, hawachoki kujibu, ila kila mmoja ana dawa yake na kila mmoja amepona kwa dawa tofauti. Swali la kwanza la wote ni moja: umeangalia kile kitufe cha safu ya juu kinachozima padi? Nililiruka swali hilo kila nilipolikuta. Kitufe hicho, cha sita kutoka kushoto, nilikuwa nimeagiza mwenyewe kifunikwe. Siku ya kwanza kabisa nilimpa mke wangu ukanda wa plasta ya dukani, nikasimama kwenye pazia hili hili nikamwambia kwa sauti abandike safu yote ya juu, na hasa cha sita, "maana hicho kikiguswa padi inakufa." Kwa hiyo huko hakukuwa na haja ya kutazama. Nilikuwa nimeshafikiria.

Mtu mmoja wa mbali aliandika kwamba ameongeza maneno mawili kwenye mstari wa kuwashia mfumo, padi ikafufuka. Nikamtajia mke wangu maneno hayo. Akawasha.

"Imekuwa nyeusi," akasema.

"Ngoja."

"Nimengoja."

"Ngoja tena."

"Mwalimu, ni nyeusi tu. Hata taa ya kamera haipo. Umefanya nini?"

Nikasogeza kiti karibu zaidi na pazia. Sasa si padi tena, ni kompyuta nzima, na mama pamoja nayo. Nilimwambia ashikilie kitufe cha kuwasha mpaka kila kitu kizime, ahesabu hadi thelathini, awashe. Alihesabu kwa sauti, nami nikihesabu naye huku nje. Kompyuta ikawaka. Nikamwambia afute yale maneno mawili upesi, na sikugusa kitu kingine siku hiyo. 

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, nilikumbuka jambo ambalo mwalimu wa fizikia kama mimi angepaswa kulikumbuka mapema, yaani kabla ya kutibu uliza ugonjwa ulianza lini. Mfumo huria una tabia moja nzuri na ya kuogopesha: unaandika kila kinachotokea, pamoja na saa yake. Nikamwambia mke wangu afungue kumbukumbu za Ijumaa na anisomee kila mstari unaotaja padi.

"Sifuri tisa, hamsini na mbili," akasoma. "Hapo ndio imeandikwa imeondoka."

Saa nne kasoro dakika nane asubuhi. Niliinamia simu yangu nikahesabu. Nilisasisha Alhamisi jioni. Ina maana padi ilifanya kazi usiku mzima na asubuhi yote baada ya masasisho. Sikuwa nimeiua mimi. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja.

"Na mstari wa juu yake?"

"Ni saa hiyo hiyo. Inasema kitufe. Kuna jina la kitufe."

"Saa nne kasoro ulikuwa wapi?"

"Sokoni. Nilienda kununua nyanya, si nilikwambia? Mama alikuwa peke yake, amefungiwa tu pazia."

Nilikumbuka lile swali la mtandaoni nililoliruka. Kisha nikamwomba aangalie ile plasta ya juu, pale kwenye cha sita.

Akainama akaitazama. "Imebanduka kidogo na kurudishwa. Imekunjana hapa kwenye ncha. Niliona jana nikadhani ni joto." Halafu sauti yake ikabadilika. "Mwalimu. Mama hawezi kufika huku juu."

Anaweza, nilifikiri. Mara moja, kwa kitu kimoja anachokitaka sana, anaweza. Na pazia hili halikuwahi kuzuia sauti: siku nilipotaja kitufe cha sita alikuwa amelala pale pale akisikiliza, mwalimu wa miaka mingi, hakusahau. Alingoja binti yake aende sokoni. Akainua mkono huo unaomtoa jasho, akabandua plasta, akabonyeza, akairudisha. Kisha akaweka kiganja juu ya laptopu nisije nikaiona.

Kwa nini? Haikunichukua muda mrefu kuelewa, na nilipoelewa niliona aibu kwamba sote tulikuwa tumefikiria kikao hicho na hakuna aliyefikiria kiti tulichomwekea yeye. Akisema mbele ya mashemeji "nataka kwangu," amemtukana binti aliyemwogesha miezi mitano. Akisema "nabaki hapa," ni mwanamke mzima, mjane wa mtu, anayeomba kulala kwa mkwe wake, na ukoo mzima unasikia. Tulimpa sauti, kisha tukamtaka aitumie kujikata mkono mmoja, achague upi. Yeye akachagua kuwa bubu.

Mke wangu alikuwa amekwisha elewa. Nilimsikia akilia kidogo kidogo, kisha akatoka akapita karibu nami bila kunitazama, akaenda kuketi kwenye cherehani yake na hakushona kitu.

Nilibaki na pazia. Sikuwahi kumwambia mama mkwe neno refu kuliko salamu.

"Mama," nikasema, "nimeona ilipozimwa. Sitaiwasha. Kesho wakiniuliza nitasema imeharibika na nimeshindwa kuitengeneza."

Nikakirudisha kiti ukutani. Kitanda kililia kidogo. Nikaondoka.

Usingizi wangu wa siku hiyo msiniulize. Jumapili walifika wanaume wanne na shemeji yangu, yule kijana wa mama, wakanawa mikono, wakala kuku, wakashukuru. Hakuna aliyekuwa mkali. Hilo ndilo lililonitisha. Baba mdogo aliweka kikombe chini akafuta mdomo.

"Sasa orwa, tupeleke tumsikie mama."

"Baba, kompyuta imeharibika," nikasema. "Tangu Ijumaa. Nimejaribu kila kitu. Nimeshindwa."

Akanitazama. "Miezi mitano imefanya kazi."

"Ndiyo, baba."

"Ikaharibika Ijumaa. Na sisi tunakuja Jumapili."

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye fundi wake."

"Mimi ndiye."

Shemeji yangu alisema kitu kwa Dholuo, upesi, nami sikushika yote ila nilisikia neno la kumfunga mtu mdomo. Mke wangu akainua kichwa, akafungua kinywa. Nikamkazia macho. Nilikuwa nimeahidi. Masikio yaliniwaka, na jasho likaanza kushuka chini ya shati langu la kanisani, mbele ya watu waliokuwa wamenipa binti yao wakijua kwamba mimi si wa kwao.

"Sisi si watoto," baba mdogo akasema taratibu. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mtu akitaka mgonjwa asiongee, hataongea. Tutamchukua leo. Gari lipo. Tutamsikilizia kwetu."

Hakuna aliyepinga. Mke wangu alikuwa anatazama mapaja yake. Wakaanza kupanga: watatumia blanketi, mmoja kila pembe, kijana ashike kichwa. Walipanga kwa sauti ya kawaida, na ukuta, kama nilivyosema, haukufika kwenye bati.

Ndipo tukasikia kile kilio kifupi cha kompyuta inaposhtuka kwamba imepata kifaa kipya. Nakijua kilio hicho hata usingizini. Kila mtu alinyamaza, wao bila kujua kwa nini, mimi nikijua kwamba kitufe cha sita kimebonyezwa tena. Tulingoja muda mrefu. Baba mdogo aliniangalia nami nikaangalia sakafu.

Kisha ile sauti ya mashine, iliyonyooka, isiyojua kupanda wala kushuka, ikasema juu ya ukuta:

"Nilizima mimi."

Tukangoja tena. Nilikuwa naona kichwani mwangu mshale ukitambaa kutoka herufi hadi herufi.

"Mwalimu hana kosa."

Shemeji yangu alishika kichwa. Mke wangu alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Nataka kwangu."

Nilidhani imekwisha. Wanaume walianza kuinuka, kimya, blanketi likiwa mkononi mwa mmoja wao. Baba mdogo akainua kidole wangoje, kwa kuwa sauti ilikuwa imekwaruza tena. Hii ya mwisho ilichukua muda kuliko zote.

"Anibebe yeye."

Hakuna aliyeuliza yeye ni nani. Nilitaka kusema haiwezekani, kwetu haiwezekani na kwenu haiwezekani, mama ananiingiza katika nini? Nikamtazama baba mdogo nikitumaini atakataa. Alikuwa mtu mzima, aliyajua mambo hayo kuliko mimi. Alilikunja blanketi mara mbili, akaliweka juu ya kiti.

"Umesikia," akasema. "Nenda."

Nilivua viatu mlangoni, sijui kwa nini. Nikasukuma pazia. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, kina harufu ya mafuta ya kupaka na uji. Mke wangu alipita mbele akafungua mikanda, akaondoa kimeza. Mama alikuwa amekwisha fumba macho, ameyabana kabisa, ili mimi nisione haya kumtazama. Nikauliza nishike wapi. Mke wangu akanionyesha: mkono mmoja hapa, mwingine chini ya magoti. Nikainama, nikamwinua, naye akaniwekea mkono wake wa kushoto shingoni. Nilimtoa kwa ubavu ili asijigonge kwenye mlango, nikapita katikati ya mashemeji zake waliokuwa wamegeuka upande, nikamfikisha garini nikamkalisha. Hakufumbua macho mpaka nilipomwachia.